Hati za kijani za Indonesia: Amana ya ardhi na amana ya mali

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, maneno mawili yanazidi kusikika katika habari za uchumi, nayo ni "hatifungani za kijani". Wapo wanaodhani kuwa jambo hili ni la mabenki na matajiri wakubwa tu, lisilomhusu baba mwenye kibanda chake cha biashara wala mama anayeweka akiba ya karo za watoto. Ijumaa hii tumeona tulizungumze kwa kuitazama nchi moja, Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Huko soko la hati hizi lilianza na wawekezaji wakubwa wa ng'ambo, kisha likawafikia watu wa kawaida majumbani mwao. Katika safari yao yamo mema ya kuigwa, na yamo pia ya kutahadhari nayo.

Hatifungani ya kijani ni nini?

Hatifungani ni hati ya deni. Serikali au kampuni huchukua fedha za watu, ikaahidi kuzirejesha baada ya muda fulani pamoja na nyongeza inayolipwa kila baada ya miezi kadhaa. Hatifungani huitwa ya kijani pale mkopaji anapojifunga kuwa fedha hizo zitatumika kwa mambo yenye kuhifadhi mazingira peke yake, kama vile umeme wa jua, reli, maji safi, udhibiti wa taka au kinga dhidi ya mafuriko. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilitoa hati ya namna hii mwaka 2007, na Benki ya Dunia ikafuata mwaka 2008. Poland ilikuwa serikali ya kwanza kutoa hatifungani ya kijani, mwezi Desemba 2016, na Ufaransa ikaifuata mwanzoni mwa 2017.

Kwa Muislamu, hapo pana kizuizi. Lengo la hati hiyo ni jema, lakini nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, na riba haiwi halali kwa sababu imepandiwa mti juu yake. Ndipo inapokuja sukuk. Mwenye sukuk, kwa asili ya mkataba wake, si mkopeshaji. Ni mshirika katika mali au katika manufaa ya mali, na anachopokea ni fungu lake la kodi au la faida inayotokana na mali hiyo.

Neno hili si geni katika historia yetu. Sukuk ni wingi wa "sakk", yaani hati. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kuwa katika zama za Marwan bin al-Hakam, alipokuwa na mamlaka Madina, watu walipewa hati za kupokelea chakula, wakaanza kuziuza wao kwa wao kabla ya kukipokea chakula chenyewe. Zayd bin Thabit (R.A.) na sahaba mwingine walimwendea Marwan wakalikemea jambo hilo kuwa ni riba, naye akawatuma walinzi wazitwae hati hizo mikononi mwa watu na kuzirejesha kwa wenyewe. Hivyo basi, tangu zama hizo wanavyuoni walikuwa wakiuliza swali lile lile tunalopaswa kuuliza leo: nyuma ya karatasi hii, je, pana mali ya kweli?

Indonesia ilivyofika hapo

Indonesia haikuingia katika soko hili kwa anasa. Mwaka 2015 moto uliteketeza zaidi ya hekta milioni mbili za misitu na ardhi ya mboji, moshi ukatanda hadi nchi jirani, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16 za Marekani. Katika pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java ardhi inadidimia na bahari inapanda, na vipo vijiji ambavyo maji ya chumvi yameingia majumbani na misikitini. Tunaposoma katika Suratur-Rum kuwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyochuma mikono ya watu, watu wa huko hawahitaji tafsiri ndefu.

Msingi wa kisheria ulikwisha kuwekwa. Mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya sukuk za serikali, na Baraza la Kitaifa la Sharia, lililo chini ya Baraza la Maulamaa, likatoa fatwa yake mwaka huo huo. Sukuk za mwanzo zilitolewa ndani ya nchi mwaka 2008, na mwaka uliofuata zikatolewa kwa wananchi wa kawaida na pia katika masoko ya nje. Kwa hiyo wazo la kijani lilipowadia, njia ya halali ilikuwa imekwisha kuchongwa kwa muda wa miaka kumi.

Malaysia ilitangulia kwa upande wa makampuni. Mwaka 2014 Tume ya Dhamana ya nchi hiyo iliweka mwongozo wa sukuk zinazojali jamii na mazingira, na mwaka 2017 kampuni ya Tadau Energy ikatoa sukuk ya kijani ya kwanza duniani, ya ringgit milioni 250, kwa ajili ya mitambo ya umeme wa jua katika jimbo la Sabah. Lakini serikali ya kwanza duniani kutoa sukuk ya kijani kwa jina lake yenyewe ilikuwa ya Indonesia. Mwezi Machi 2018 ilikusanya dola bilioni 1.25 za Marekani kwa muda wa miaka mitano. Mwaka 2019 ikarudi sokoni na kuchukua dola milioni 750, na kiasi kama hicho mwaka 2020. Mwaka 2021 ikatoa tena za dola milioni 750, safari hii kwa muda wa miaka 30. Mwaka 2022 fungu la kijani likafikia dola bilioni 1.5. Zile za mwanzo ziliiva Machi 2023.

Jambo la kuzingatia ni kwamba walionunua hati za 2018 hawakuwa Waislamu peke yao. Walikuwamo wawekezaji wa Ulaya, Marekani na Asia, na baadhi yao walivutwa na mazingira, si na fiqhi. Mkataba uliojengwa juu ya misingi ya sharia haukuwafukuza. Wanaosema kuwa uchumi wa Kiislamu ni wa kujifungia wautazame mfano huo.

Mlango ulipofunguliwa kwa watu wa kawaida

Hata hivyo, lililotugusa zaidi si mabilioni hayo ya dola. Mwezi Novemba 2019 serikali hiyo ilitoa sukuk ya kijani kwa ajili ya wananchi wake, ikaiita "Sukuk Tabungan", yaani sukuk ya akiba. Kima cha chini kilikuwa rupia milioni moja, sawa na kiasi cha dola 70 za Marekani kwa thamani ya wakati ule, na mtu aliweza kununua kwa njia ya intaneti akiwa nyumbani kwake. Muda wake ulikuwa miaka miwili. Watu 7,735 walinunua, na zikapatikana rupia trilioni 1.46.

Mwaka uliofuata, katikati ya maradhi ya korona, wanunuzi walikuwa 16,992 na fedha zikafikia rupia trilioni 5.42. Mwaka 2021 zilikuwa trilioni 5, na mwaka 2022 zikawa trilioni 10. Waswahili walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu aliyeweka akiba ya mwezi mmoja na mfanyabiashara aliyeweka faida ya msimu wamekuwa na fungu lao katika ujenzi wa nchi, bila ya kugusa riba kwa makusudi na bila ya kuikalia mali yao ikaliwa na mfumuko wa bei.

Wakaongeza jambo la tatu ambalo, ingawa halimo katika fungu la kijani, ni ndugu yake wa karibu. Mwaka 2020 walianzisha sukuk iliyounganishwa na waqfu wa fedha taslimu. Muislamu anaweka waqfu fedha zake, fedha hizo zinawekezwa katika sukuk ya serikali, mtaji unabaki salama, na faida inakwenda kwa wahitaji. Hospitali ya macho ya waqfu iliyoko Serang, katika jimbo la Banten, ni miongoni mwa walionufaika. Umma uliowahi kujenga visima, shule na hospitali kwa waqfu hauna budi kufurahi kuona sunna hiyo ikihuishwa kwa chombo cha zama hizi.

Hesabu mbele ya watu

Tumejiuliza: ni kitu gani kilichowafanya watu waziamini hati hizi hata soko likakua? Jibu letu ni moja, nalo ni hesabu kutolewa hadharani. Kabla ya kuchukua hata senti moja, Wizara ya Fedha ya Indonesia iliandika mwongozo unaotaja miradi inayostahiki na isiyostahiki. Mitambo mipya ya umeme wa makaa ya mawe, mafuta na gesi iliondolewa, na nishati ya nyuklia pia. Mwongozo huo ukapelekwa kwa taasisi ya utafiti ya CICERO ya Norway ili uchunguzwe na mtu wa nje. Kisha, tangu mwaka 2019, wizara imekuwa ikichapisha ripoti inayoeleza fedha zilikwenda wapi: kwenye reli, umeme wa nishati jadidifu, udhibiti wa taka na kinga ya mafuriko, na hewa chafu kiasi gani imekadiriwa kupunguzwa.

Ndugu zetu, hili ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la uhasibu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo inahusu kuandika deni, kuweka mashahidi na kutochoka kuandika, liwe dogo au kubwa. Na wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali inayochukua fedha za watu kwa jina la mazingira kisha isiseme ilizitumia wapi imevunja amana, hata kama kila shilingi ilitumika vizuri.

Mambo ya kutahadhari nayo

Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Tutataja mambo matatu.

La kwanza ni mkataba wenyewe. Wapo wanavyuoni waliozitazama sukuk nyingi za kisasa wakaona ni riba iliyovishwa kanzu. Mwishoni mwa mwaka 2007 Mufti Muhammad Taqi Usmani, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya sharia ya taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, alisema kuwa sukuk zilizo nyingi, kiasi cha asilimia 85, hazikukidhi masharti, hasa kwa sababu ya ahadi ya kuinunua tena mali kwa bei ile ile ya mwanzo. Mwezi Februari 2008 taasisi hiyo ikatoa miongozo ya kurekebisha. Sukuk za kijani za Indonesia zimefungwa kwa mkataba wa wakala juu ya mali za dola na miradi inayojengwa, na wanavyuoni wa nchi hiyo wamezipitisha. Pamoja na hayo, mwenye hati hawezi kwenda kuliuza jengo la serikali pindi serikali ikishindwa kulipa. Na kiwango cha faida katika zile sukuk za akiba hupangwa kwa kufuata riba ya Benki Kuu. Mafakihi wengi wameruhusu kuitumia riba hiyo kama kipimo tu, mithili ya muuza nyama halali anayeitazama bei ya jirani yake asiyechinja kwa sharia. Sisi tunaona ruhusa hiyo ina hoja, ila ni ruhusa ya njiani. Haifai kuwa ndio mwisho wa safari.

La pili ni kwamba katika fedha za sukuk ile ya 2018, zaidi ya nusu zilitumika kufidia miradi iliyokwisha kutekelezwa, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyokwenda kwenye miradi mipya. Jambo hilo lilitajwa wazi na si udanganyifu. Hata hivyo, mnunuzi anayedhani kuwa fedha yake inajenga reli mpya anapaswa kujua kuwa pengine inalipia reli anayoipanda tayari.

La tatu ndilo zito zaidi. Nchi hiyo hiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje makaa ya mawe ya kuzalishia umeme. Mwaka 2022 Rais wake alitoa kanuni ya kuharakisha nishati jadidifu na kuzuia mitambo mipya ya makaa, lakini ndani ya kanuni hiyo ukaachwa mwanya kwa mitambo inayohudumia viwanda, vikiwemo vya kuyeyushia madini ya nikeli. Kwa hiyo mkono mmoja unapanda mti na mwingine unawasha tanuri. Sukuk ya kijani inahesabu kwa usahihi kile kilichofanywa na fedha zake, wala haihesabu kinachofanywa na fedha nyingine za dola hiyo hiyo. Mtu akitoa sadaka mchana na usiku akapunja mizani, sadaka yake haiisafishi mizani yake. Maulamaa wa huko wameliona hilo. Baraza lao lilitoa fatwa mwaka 2023, Na. 86, kuhusu kudhibiti mabadiliko ya tabianchi, ambamo liliharamisha vitendo vinavyoharibu maumbile na kuzidisha janga hili.

Linatuhusu nini sisi?

Msomaji anaweza kusema, hayo ni ya Indonesia. La, yamefika mlangoni petu. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa ajili ya kupanua huduma ya maji, na ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni hatua ya kupongezwa, kwani maji ni uhai na fedha zake zimetafutwa kwa uwazi. Ila hati hiyo ilikuwa ya riba, asilimia 13.5 kwa mwaka. Maana yake ni kuwa katika mji wa Tanga, ambao Waislamu wake hawahitaji kuhesabiwa ili wajulikane kuwa ni wengi, muumini anayekunywa maji hayo na kulipia ankara yake kila mwezi hakuwa na mlango wa kuingia kama mshirika bila ya kuichokonoa dhamiri yake.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Tunasema kwa sababu njia ipo na imekwisha kupitwa na wengine. Mtambo wa maji ni mali inayoonekana, inayotumika na inayoleta kipato. Hakuna mali inayofaa zaidi kwa mkataba wa ijara. Aidha, sukuk si jambo jipya tena nchini, kwa kuwa taasisi za fedha zimekwisha kuzitoa, na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilizindua sukuk yake kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Kilichobaki ni kuyakutanisha mawili, yaani ukijani wa Tanga na mkataba wa halali, kisha kima cha chini kiwekwe pale ambapo mwalimu wa madrasa na mama muuza vitumbua wanaweza kukifikia.

Kwa upande wa familia zetu, tunausia kwamba kabla ya kutoa fedha kwa hati yoyote inayonadiwa kwa jina la kijani au la Kiislamu, yaulizwe maswali manne. Mali iliyo nyuma ya hati hii ni ipi, na iko wapi? Nikipata faida, inatokana na nini, na mradi ukiharibika nani anabeba hasara? Nani miongoni mwa wanavyuoni aliyeupitisha mkataba, na ameandika nini? Na hesabu za matumizi zitatolewa lini, kwa nani? Muuzaji mkweli atajibu kwa maandishi. Anayejibu kwa hasira au kwa kiapo aachwe na hati yake.

Na kwa masheikh wenzetu, wanaotuzidi na tunaowazidi kwa umri, tunasema kuwa kuharamisha ni kwepesi na hakuhitaji kalamu nyingi. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikaa na watu wa Wizara ya Fedha, likasoma mikataba, likakataa lililokataliwa na likafungua lililofunguka. Kazi hiyo ndiyo inayotakiwa kwetu, kuwafahamisha viongozi wa dola njia ya halali wakati mradi ungali kwenye makaratasi, badala ya kungoja hati zitoke ndipo tupande mimbari kuzilaumu.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, anaandikiwa sadaka. Anayeitafuta thawabu hiyo kwa mali yake anahitaji ardhi isiyoharibiwa, na mali isiyochanganyika na haramu. Tusikubali kuchaguzishwa kati ya mawili hayo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) aturuzuku rizki ya halali, atujaalie kuwa walinzi wema wa ardhi aliyotukabidhi, na awaongoze viongozi wetu katika kutunza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.